Kutafuta Uozo Nako ni Kazi

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa mbao wa Meru na Embu, juu ya kukagua na kutengeneza sitaha za mashua zilizoundwa kwa plaiwudi. Yamechapwa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.



Huenda mtu akauliza, sisi watu wa mlimani tuna habari gani na mashua? Kazi yetu ni milango, makabati, madawati ya shule na bodi za malori. Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko chini kidogo ya hapa, upande wa Mbeere, katika mto Tana. Mwaka 1968 mitambo ya Kindaruma ilianza kutoa umeme. Ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Hayo ni mabwawa matano, na Masinga peke yake likijaa hufunika kilomita za mraba kama 120. Penye maji mengi namna hiyo pana wavuvi, na penye vijiji ng'ambo zote mbili pana mashua za kuvusha watu na mizigo. Fundi wa Lamu yuko mbali. Basi mashua ikiharibika, huitwa fundi wa Embu, au wa Chuka, au wa Meru, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na ana msumeno.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Siku moja tuliitwa ufukoni kutazama mashua ya abiria. Mchukuzi mmoja alikuwa akipanda na gunia la ndengu begani, mguu wake ukatoboa sitaha ukazama hadi pajani. Alichunika vibaya, ila mfupa haukuvunjika. Mashua ilikuwa bado imefungwa ufukoni. Kama ingalikuwa katikati ya maji, na watu wakakimbilia upande mmoja kumwokoa, leo tungalikuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Tulipoinua kipande kilichovunjika, tukaona chini ya rangi pana kiraka. Kilikuwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe ya makabati, kikasuguliwa kwa msasa hata kikawa sawasawa, kikapakwa rangi mara mbili. Kilikuwa kiraka safi kwa macho. Tulikitambua mara moja, kwa sababu ni sisi tuliokiweka, misimu miwili ya mvua kabla ya siku ile.

Ilikuwaje? Mwenye mashua alitwambia kuna mahali padogo, kama sahani, panapobonyea. Tukapatana bei moja kwa kazi yote, kabla hatujafungua kitu. Tulipofungua, uozo ukawa mkubwa kuliko sahani. Bei ilikuwa ya kazi ya siku moja, na uozo ulikuwa wa siku tano. Tukamwambia, akasema hana fedha zaidi, tena mapatano ni mapatano. Nasi tukafukia. Hatukufukia kwa kutojua. Tulijua, tukafukia, tukapokea fedha tukaenda zetu. Mchukuzi yule hakuwa ametukosea neno lolote.

Ndiyo maana hotuba hii ina mambo mawili: jinsi ya kuutafuta uozo hata kuufikia mwisho wake, na jinsi ya kulipwa kwa kutafuta huko. Ukilikosa hilo la pili, hilo la kwanza utalijua bure.

PLAIWUDI NA ADUI YAKE

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizobandikwa kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na nyuzi za tabaka ya pili yake. Idadi ya tabaka huwa witiri, yaani 3, 5, 7 na kuendelea, ili pande mbili zivutane sawa na ubao usipinde. Nguvu yake ni huko kukingamana. Udhaifu wake uko ukingoni. Ukiutazama ukingo wa plaiwudi, unatazama ncha za nyuzi, na kila ncha ni mdomo wa mrija unaonyonya maji. Kila tundu la skrubu na la bolti ni ukingo mwingine tulioutoboa kwa mikono yetu.

Mashua ya mbao za kawaida, kama zile za Lamu, ubao mmoja ukioza hutolewa ukawekwa mwingine. Sitaha ya plaiwudi ni shuka moja pana. Maji yakiingia hapa husafiri kati ya tabaka yakatokea kule, na rangi ya juu ikabaki inang'aa.

Kinacholeta uozo ni kuvu, na kuvu haiwezi kuishi pasipo maji. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Tena maji ya mvua ni mabaya kuliko maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huipunguza nguvu kuvu. Wajenzi wa merikebu za mbao katika Maziwa Makuu ya Marekani, ambako maji ni matamu kama yetu, walikuwa wakijaza chumvi ya mawe kati ya mataruma ili kuzuia kuoza. Mashua zetu ziko katika maji matamu, hunyeshewa Machi hata Mei, kisha tena Oktoba hata Desemba, na maji ya bwawa yakishuka huachwa juu ya mchanga zikipigwa na jua. Jua hupasua rangi, na mvua hupita katika ufa.

JINSI YA KUTAFUTA

Kwanza, uliza. Muulize nahodha na wachukuzi, usimuulize mwenye mashua peke yake. Wao ndio wanaojua mguu unapobonyea, na maji yanadondoka wapi wakati wa mvua.

Pili, vua viatu utembee. Kisigino husikia ulegevu ambao jicho halioni.

Tatu, tazama. Rangi iliyovimba malengelenge, ufa mrefu ulionyooka juu ya maungio, na kutu inayolia kutoka kichwa cha skrubu, zote ni dalili. Ingia chini ya sitaha na tochi utafute madoa meusi na harufu ya uyoga.

Nne, gonga. Tumia mpini wa bisibisi au nyundo ndogo. Anza mahali unapojua ni pazima, ili sikio lijifunze sauti yake. Pazima hulia kwa ukali; palipooza au palipoachana hujibu kwa sauti ya kufa. Kumbuka kuwa juu ya boriti sauti hubadilika hata kama mbao ni nzima, kwa hiyo linganisha boriti na boriti, na nafasi na nafasi.

Tano, choma. Bisibisi iliyochongoka, ikisukumwa kwa mkono kutoka chini, haizami katika mbao nzima. Ikizama, pameoza.

Sita, toboa. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Chukua keekee yenye ncha ya milimita 3, ifunge utepe ili isipenye tabaka ya juu, utoboe kutoka chini. Tazama unga unaotoka. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni wa mbao nzima. Unga wa kahawia, wenye maji, unaoshikamana kama ugoro uliolowa, ni wa uozo. Songa mbele kila sentimita 10, kila upande, usisimame hadi upate matundu mawili yanayofuatana yenye unga mkavu. Tia alama ya chaki. Ukimaliza utaona umechora ramani, na ramani hiyo ndiyo ukubwa halisi wa kazi. Matundu haya madogo yazibwe kwa gundi ya epoksi baadaye.

Saba, usisahau boriti. Sitaha hulala juu ya boriti, na maji yaliyozama hukaa hapo pasipokauka. Choma kila boriti, hasa kwenye ncha zake inapokutana na ubavu wa mashua.

Nane, tafuta mlango wa maji. Ukitengeneza uozo ukaacha mlango wazi, umeweka akiba ya uozo wa kesho. Mmoja wetu amwage maji juu ya sitaha polepole, mahali pamoja baada ya pengine, na mwingine akae chini na tochi. Doa halimaanishi kuwa tundu liko papo hapo. Maji hushuka kando ya boriti kabla ya kudondoka, kwa hiyo mara nyingi tundu huwa upande wa juu zaidi. Katika mashua yetu ile, uozo ulikuwa katikati na mlango ulikuwa kwenye bolti za benchi la abiria, hatua mbili kutoka hapo. Kiraka chetu hata kama kingalikuwa cha chuma, maji yangaliendelea kuingia.

HALI TATU, DAWA TATU

Baada ya kutafuta, utakuta moja ya hali tatu.

Hali ya kwanza: mbao imelowa lakini ni nzima na haijaachana. Hii haitaki msumeno, inataka subira. Ondoa rangi, toa vifaa vilivyofungwa juu, weka hema la kukinga mvua lililo wazi pande zote, upepo upite. Ni kazi ya majuma, na miezi yake ni Januari na Februari, au Julai hata Septemba. Mtu asikaushe kwa moto. Juu hukauka, ndani hubaki na maji, na petroli ya injini haisubiri kuulizwa.

Hali ya pili: tabaka zimeachana, lakini mbao yenyewe haijaoza. Pakiwa padogo na pamekauka kabisa, twaweza kuingiza epoksi kwa bomba la sindano, tukabana kwa uzito au skrubu hadi ishike. Pakiwa pakubwa, pakatwe.

Hali ya tatu: pameoza. Hapa hakuna dawa ya kupaka. Kata sentimita 10 hadi 15 kupita tundu la mwisho lililotoa unga mbaya. Kabla ya kukata, iegemeze mashua vizuri kila upande, kwa maana sitaha ndiyo inayoshikilia umbo lake. Ukiitoa, mashua yaweza kupanuka na kipande kipya kisikae. Toa tangi la mafuta na betri. Weka kina cha msumeno sawa na unene wa plaiwudi ili usikate boriti.

Boriti iliyooza ibadilishwe, au ikiwa imeoza sehemu ndogo, ikatwe hadi penye uzima na kuungwa na boriti nyingine ubavuni mwake. Hapa tuseme neno juu ya miti yetu. Mukima, yaani grevilea ya mashamba yetu, ni rahisi kupatikana na hufaa kwa fanicha, lakini penye maji haidumu. Tumia mbao ngumu kama mvule, iliyokauka, hata kama bei yake inauma.

Plaiwudi mpya iwe ya gundi isiyoogopa maji. Ile ya mashua huwa na alama BS 1088, lakini muhuri waweza kupigwa na mtu yeyote. Jaribu mwenyewe: kata kipande kidogo, kichemshe saa 4 katika sufuria, kikaushe, kichemshe tena, kisha jaribu kukifungua kwa kisu. Kikifunguka, rudisha shuka dukani. Tazama pia ukingo wake. Ukiona mapengo katika tabaka za ndani, hayo ni mabirika ya maji.

Kuunga kipande kipya na cha zamani kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga mteremko pande zote mbili na kulalisha kimoja juu ya kingine kwa epoksi. Mteremko uwe mara 8 ya unene: plaiwudi ya milimita 12 inataka mteremko wa milimita 96. Ya pili, iliyo rahisi zaidi, ni kukutanisha kingo mbili juu ya kipande kingine cha plaiwudi kilichogundishwa chini, kipana cha kutosha kila upande. Popote uwezapo, kingo zikutane juu ya boriti.

Kabla ya kukifunga kipande, kipake epoksi upande wa chini na kingo zote, mara 3. Wengi hupaka upande wa juu tu, kwa sababu ndio unaoonekana na mwenye fedha. Skrubu ziwe za shaba nyeusi, za chuma kisichoshika kutu, au zilizopakwa zinki. Skrubu ya kabati itaoza kabla ya mbao. Kila tundu la bolti litobolewe kubwa kuliko bolti, lijazwe epoksi, likishika litobolewe tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hivyo bolti haigusi plaiwudi kamwe, na maji yakipita kando yake hayakuti mbao ya kunywa. Mwisho paka rangi, kwa kuwa jua huiharibu epoksi iliyoachwa wazi. Na uache njia ya maji kutoka na ya upepo kupita chini ya sitaha.

Tujilinde na sisi pia. Epoksi mbichi isiguse ngozi. Yuko mtu ataifanyia kazi mwaka mzima bila neno, kisha siku moja mwili unaikataa, na tangu hapo kila akiikaribia huvimba na kuwashwa. Vaa glavu, na unapopiga msasa funika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi.

BEI NA HAKI

Sasa tuje kwenye fedha. Yote tuliyoyasema juu ya kugonga, kuchoma na kutoboa huchukua nusu siku, pengine siku nzima. Nani hulipa siku hiyo? Kwa desturi yetu, hakuna. Fundi hutazama bure, akitumaini kupewa kazi. Kwa kuwa hatazamwi kama anayefanya kazi, hutazama haraka. Akitazama haraka hutaja bei ndogo. Akiisha kutaja bei ndogo, uozo ukijitokeza mkubwa, huwa na njia mbili: kula hasara au kufukia. Desturi hiyo ndiyo iliyotengeneza kiraka chetu, ingawa mikono ilikuwa yetu, na lawama hatuikwepi.

Kwa hiyo twapendekeza mapatano yawe mawili. La kwanza ni la ukaguzi, kwa ujira wa siku, hulipwa hata kama kazi haikufuata. La pili ni la matengenezo, nalo lisitajwe bei kabla chaki haijachora mpaka wa uozo. Ukaguzi uandikwe katika karatasi: tarehe, mchoro wa sitaha, mahali palipooza, boriti zilizoguswa, mlango wa maji. Picha za simu zitasaidia. Mwenye mashua atie sahihi na sisi tutie, nakala moja abaki nayo, na nyingine ije katika tawi. Akikataa kutengeneza, amekataa kwa maandishi, na hakuna atakayesema fundi hakumwambia.

Na walioajiriwa kwa mshahara wajue hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na tajiri hawezi kumrudisha mahali hapo hadi hatari iondolewe. Nahodha na mchukuzi wanaosimama juu ya sitaha iliyooza kwa mshahara wa mtu wako chini ya sheria hiyo. Tuwaambie, kwa maana sisi ndio tunaoliona la chini ya rangi.

Labda mtaogopa kuwa mwenye mashua atakwenda kwa fundi mwingine atakayetazama bure. Ni kweli, atakwenda, ikiwa huyo mwingine yupo. Jambo hili halifanywi na fundi mmoja. Likifanywa na mafundi wote wa Meru na Embu, mtazamaji wa bure hatapatikana.

Mtapenda kujua mwisho wa mashua ile. Mwenyewe alitaka tupake tena rangi. Hatukubishana naye. Tulimpa bisibisi, tukamwomba achome mahali popote apendapo. Alichoma mara moja ikazama hadi mpini. Akaenda mbele akachoma tena, na tena, hata akafika kwenye benchi. Akairudisha bisibisi bila kusema kitu. Kisha akauliza siku ngapi. Sehemu ya kiraka chetu tuliitengeneza bila malipo, maana ilikuwa deni letu, iliyobaki alilipa. Boriti mbili zilibadilishwa, na sitaha yote kuanzia benchi hadi nyuma. Mchukuzi yule alipopona alirudi kazini hapo hapo. Siku ya kwanza alisimama ufukoni kidogo, akaupima ubao kwa mguu mmoja, ndipo akapanda na gunia lake.

Mkutano ujao kila mmoja alete kipande cha plaiwudi kutoka duka anakonunua. Sufuria na makaa yatakuwapo. Tutavichemsha pamoja, na majibu yataandikwa katika gazeti hili.